Gitaa Chini ya Leso

Kwa ukoo wetu, msichana akishatoka mlangoni siku ya ntheo, siku ya kuletwa mbuzi wa mahari, hasimami. Anacheza kutoka mlango wa nyumba mpaka kwenye kiti alichowekewa mbele ya wageni, na miguu yake isitulie hata kidogo. Akisimama njiani, wazee watasema amekataa. Mbuzi walioletwa na upande wa bwana watafunguliwa kamba, wageni watarudi kwenye magari yao, na mazungumzo yataanza upya mwaka mwingine, kama yataanza.

Ndiyo maana dada yangu Kalondu aliponiambia anataka kutoka kwa gitaa langu, nililiweka gitaa chini.

"Ile ya Mueni," akasema. "Ile ya haraka."

"Na nikikosea?"

"Ukikosea nitabaki hapa Kilungu mpaka ning'oke meno. Utanitafunia."

Alicheka. Mimi sikucheka.

Mueni ni jina tulilompa mama mmoja wa Uhispania. Kwa Kikamba maana yake ni mgeni. Alikuja Kitui kujenga mabwawa ya mchanga, yale yanayozuia mto wa msimu ili maji yabaki chini ya mchanga. Kalondu alipata kazi ya kuwapikia mafundi huko, akanichukua nimsaidie kuosha vyombo, kwa sababu nilikuwa nimetoka shule darasa la sita na nilikaa tu nyumbani. Kazi ikiisha, Mueni alikuwa anakaa juu ya mfuko wa simiti na kupiga gitaa. Halikuwa kama gitaa la kwaya wala la benga. Vidole vyake vilifunguka kimoja kimoja, haraka, kama mtu anayewatupia kuku mtama. Halafu alikuwa anagonga ubao wa gitaa kwa kidole cha pete, tok, na moyo wangu nao unaruka. Alisema kwao muziki huo unaitwa flamenko.

Yeye hakujua Kikamba na Kiswahili chake kilikuwa cha kuomba chumvi. Kwa hivyo alinifundisha kwa mgongo. Alinikalisha mbele yake, akanipigia hesabu kwenye mabega kwa vidole mpaka ikaingia. Hesabu yenyewe ni kumi na mbili, lakini haitembei sawasawa. Ni tatu, halafu tatu, halafu mbili, mbili, mbili. Ni kama mtu anayeshuka mlima wetu: hatua mbili ndefu, halafu tatu fupi za kujizuia asianguke.

Kalondu alishika upande wa miguu. Mueni alimwonyesha jinsi ya kukanyaga kwa kisigino, na Kalondu akapata ukumbi wake juu ya mbao za kumwagia zege. Fundi mwenye mbao hizo alikuwa Musyoka.

"Dada, hizo mbao zangu zitapasuka!"

"Zikipasuka nitakununulia zingine."

"Na mimi nikipasuka je?"

Hapo ndipo yalipoanzia. Mueni alipomaliza kazi na kurudi kwao, aliniachia gitaa. Kalondu alipata mchumba. Kila mtu alipata chake.

Shida ni kwamba mimi si mtu wa kutazamwa. Nikitazamwa, mikono inakuwa ya mtu mwingine. Nyumbani nilikuwa napiga nyuma ya ghala, nikiangalia ukuta. Mgeni akija, Kalondu ndiye anayesema kwa niaba yangu: "Amesema asante," "Amesema ameshiba," hata kama sijafungua mdomo. Sasa msemaji wangu ndiye alikuwa anaolewa.

Shangazi Syokau, dada ya marehemu baba, ndiye aliyesimamia sherehe. Aliposikia habari ya gitaa alikataa palepale.

"Hiyo gitaa ya kulia-lia ni ya matanga," akasema. "Watu wa Kitui wanaleta basi nzima ya vijana. Wanataka kuruka! Na wewe Kanyiva, kata hizo kucha. Mkono mmoja makucha, mwingine hakuna, kama kuku aliyegongwa na pikipiki."

Kucha za mkono wa kulia ndizo za kupigia gitaa. Niliuficha mkono nyuma.

"Amesema hatakata," akasema Kalondu.

Shangazi alikuwa ameshamwita dijei, kijana anayeitwa Ngure kutoka Sultan Hamud. Wazazi wake walitoka Murang'a zamani wakafungua duka kando ya barabara ya Mombasa, kwa hivyo Kikamba anakijua, ila anakiongea kama anakimbizwa. Alikuwa na kompyuta, spika kubwa na jenereta, na muziki wake ulikuwa ule wa kompyuta, wa kurukia, ambao unausikia kwa mbavu kabla ya masikio.

"Basi nataka vyote viwili," Kalondu akasema. "Gitaa na spika. Pamoja."

Shangazi alimtazama kama aliyeombwa kupika chai na samaki katika sufuria moja.

Siku mbili kabla ya ntheo Ngure alikuja kujaribu. Nilikaa nyuma ya pazia la mlango, yeye akakaa nje na kompyuta yake juu ya ndoo. Alifungulia biti. Du, du, du, du. Nikaingia na gitaa.

Mwanzoni nywele zilinisimama! Sikuwa nimewahi kusikia gitaa langu likiwa na mgongo mnene hivyo. Lakini kuna pale kwenye muziki wake ambapo kila kitu kinanyamaza kidogo, halafu biti inarudi kwa kishindo na watu wote wanaruka. Ngure hupaita kuangusha. Kompyuta yake ilikuwa inaangusha kila baada ya mapigo kumi na sita. Gitaa langu linafunga kila baada ya kumi na mbili. Basi alipoangusha, mimi nilikuwa bado njiani. Nikamkimbilia, nikampita, nikapotea, nikaacha.

"Tena," akasema Ngure.

Tukarudia. Tukaanguka palepale. Kalondu alikuwa anajaribu kucheza uani, na kila tulipoanguka alibaki na mguu mmoja juu kama korongo.

"Hapo umekataa bwana," Shangazi akamwambia. "Na hapo tena. Leo peke yake umeachika mara nne."

Ngure alikuja karibu na pazia. "Sista, si unaweza kuikata hiyo yako ikuwe ya nne nne? Iingie kwa biti."

Nilijaribu. Niliinyoosha kama alivyosema. Ilitoka wimbo mzuri tu, lakini haukuwa ule tena. Ulikuwa kama mtu anayeshuka mlima kwa hatua za barabara ya lami. Kalondu alisikiliza kidogo, akaingia ndani, akakaa kitandani karibu nami. Hakucheka safari hii.

"Huo Musyoka hataujua," akasema.

Siku iliyofuata wanawake walikuja kutwanga muthokoi, mahindi ya kukobolewa. Siku hizi mahindi hukobolewa kwa mashine, lakini Shangazi Syokau alisema muthokoi wa posho-mili una ladha ya mkanda, na hataki wageni wa Kitui wapate la kusema. Ngure alikuwa amelala kwetu ili afunge spika zake mapema. Alikuwa chini ya meza, mdomoni ana waya. Mimi nilikuwa nachambua maharagwe mlangoni.

Kwenye kinu kimoja walikuwa watatu: Shangazi, jirani yetu Mama Kaveke, na binti yake. Michi mitatu, kinu kimoja, kila mmoja kwa zamu yake. Pu-pa-pa. Pu-pa-pa. Mahindi yakaruka mpaka mdomoni mwa kinu. Mama Kaveke akainua mchi wake, akainama kuyarudisha kwa mkono, na wale wawili hawakusimama, wakatwanga wakimpisha. Pu-pa. Pu-pa. Pu-pa. Akarudi. Pu-pa-pa. Pu-pa-pa.

Maharagwe yalimwagika.

Nilisimama mlangoni. Mchi mzito ulikuwa wa Shangazi, yeye ndiye pu. Tatu, tatu, mbili, mbili, mbili. Nikangoja nione kama nimekosea. Mama Kaveke akainua tena, akainama, akarudi. Ilikuwa ileile. Mueni alinigonga mabegani mwaka mzima, na kumbe kinu cha kwetu kilikuwa kinasema hivyo tangu nikiwa mgongoni mwa mwaitu, mama yetu!

Sikumwita Ngure kwa sauti. Nikamrushia haragwe. Likampata sikioni.

"Nani huyo?"

Nilionyesha kinu kwa mkono. Alitoa kichwa chini ya meza, akatazama wanawake, akanitazama mimi. Nikaanza kupiga makofi pamoja nao, polepole, tatu, tatu, mbili, mbili, mbili. Niliona inavyomwingia. Macho yake yalifunguka, waya ukamtoka mdomoni.

"Wacha!" akasema. "Wacha, wacha! Mama, msiache! Msiache kutwanga!"

"Nani amesema tunaacha?" Shangazi akamjibu. "Mahindi yatajitwanga?"

Ngure alikimbia na maiki, akakwama kwenye waya, akainuka, akaiweka karibu na kinu. Aliwarekodi mpaka kinu kikaisha, akaomba watie kingine. Mama Kaveke alianza kutwanga kwa madaha, kiuno kikienda na mchi, kwa sababu alikuwa anarekodiwa. Shangazi akamkemea: "Hii si redio, twanga!" Na hilo nalo likaingia kwenye rekodi.

Tulikaa na ile kompyuta mchana kutwa, na mimi nilisahau kukaa nyuma ya pazia. Ngure alitoa ile du-du-du yake yote. Akaweka michi. Chini ya kila mchi wa Shangazi akaweka ngoma yake kubwa, ile ya mbavuni, ili kila Shangazi akigonga, ardhi itikisike. Halafu akaniuliza, "Kuangusha ni wapi?" Nikamwonyesha kwa kidole: baada ya kinu kuzunguka mara nne. Akafuta kumi na sita yake. Tukajaribu. Kinu kikazunguka mara nne, kila kitu kikanyamaza, sauti ya Shangazi ikasema "Hii si redio, twanga!" na BUM, tukaanguka pamoja, mimi na yeye, mahali pamoja!

Niliruka na gitaa mkononi. Ngure alikimbia kuzunguka nyumba nzima na kurudi. Kalondu alitoka jikoni na mikono yenye unga, akaanza kukanyaga uani kwa visigino, na vumbi likapanda mpaka magotini.

Jioni mjomba wetu Mutisya, ambaye ni mzee wa kanisa, alimwita Ngure kando.

"Kijana, hii si disko?"

"Hapana mzee. Ni kinu."

"Kinu?"

"Cha Mama Syokau."

Mjomba akatazama spika zilizopandana kama makreti ya soda. Akafikiri. "Basi tutaomba kwanza," akasema.

Kulibaki jambo moja. Wageni watakuwa wengi, na mimi nitakaa wapi? Kalondu ndiye aliyepata. Siku ya ntheo bibi harusi hatoki peke yake. Anatoka na wasichana wengine, wote wamefunikwa leso za aina moja kutoka kichwani, na bwana lazima amtambue wake. Akikosea anatozwa faini.

"Jifunike na sisi," Kalondu akasema. "Wewe na gitaa yako. Nani atakuona?"

Asubuhi ya ntheo Ngure alifunga maiki ndogo isiyo na waya ndani ya tundu la gitaa. Nikavaa leso. Ndani yake kulikuwa na mwanga mwekundu na harufu ya duka, na hakuna mtu hata mmoja. Nikaona ninaweza.

Wageni walifika kabla ya jua kuwa kali. Wanawake wa kwetu walikuwa wameshafunga geti na kusimama nyuma yake.

"Fungueni, tumetoka Kitui!" wakaimba wale wa nje.

"Kitui kuna jua, pumzikeni hapo mpoe kwanza!"

"Heri jua! Huku kwenu hata kuku hutembea na breki!"

"Na nyinyi mnachimba maji kwa sufuria!"

"Ndiyo, na bado ni matamu kuliko chai yenu!"

Walivutana hivyo mpaka wageni wakatoa sukari na leso, na geti likafunguliwa kwa vigelegele. Mjomba aliomba. Mbuzi walitazamwa, wakakubaliwa. Halafu nikasikia sauti ya Shangazi Syokau: "Bwana yuko tayari? Tunaleta wasichana. Atuambie wake ni yupi!"

Michi ikaanza. Kutoka kwenye spika zile ilikuwa kama kuna kinu kikubwa kama nyumba. Pu-pa-pa. Pu-pa-pa. Wageni waligeukia spika. Nikasikia mwanamke mmoja wa Kitui akisema, "Mbona kama wanatwanga?" Nikaingia na gitaa, vidole vikafunguka, tukatoka mlangoni.

Kupitia kitambaa niliona watu kama vivuli tu. Miguu ya wenzangu ilikuwa mbele yangu. Kinu kilizunguka mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Kimya. "Hii si redio, twanga!" BUM! Basi nzima ya vijana wa Kitui ilipaa juu kwa wakati mmoja. Nilisikia viti vikianguka. Mzee mmoja alipiga mluzi. Mimi nilikuwa nacheka peke yangu ndani ya leso, vidole vinaruka, na nilifikiri hakuna mtu duniani anayefurahi hivi bila kuonekana.

Musyoka alikuwa anatembea kati yetu. Baadaye alisema aliponiona na lile umbo la gitaa alijua ni dada ya Kalondu. Halafu akafikiri tena: Kalondu ni mjanja, amejifunga gitaa makusudi ili nimpite. Akafikiri sana, ndilo kosa lake. Viatu vyake vilisimama mbele yangu. Nilitikisa kichwa, lakini kichwa chenye leso kinatikisika kama cha mtu anayecheza.

Akashika leso, akaivuta.

Jua lilinipiga usoni. Na watu. Watu wote wa Kilungu na watu wote wa Kitui, midomo wazi, halafu kicheko kimoja kikubwa.

"Amechukua shemeji! Faini! Faini!"

Mikono yangu ikawa ya mtu mwingine. Gitaa likanyamaza.

Nilimwona Ngure kando ya spika akinitazama. Aliondoa ngoma kubwa. Aliacha michi peke yake, chini, kama inatoka nyumba ya jirani. Wasichana waliofunikwa walianza kupunguza, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu hawakujua kama wimbo umeisha. Mmoja akasimama. Wa pili akasimama. Mzee wa upande wa Kitui akainua shingo atazame vizuri. Kalondu alikuwa bado katikati ya uwanja, na kiti kilikuwa mbali, na mimi ndiye niliyekuwa namfanya akatae bwana anayempenda.

Ndipo nikasikia visigino. Juu ya ardhi ngumu, katikati ya uwanja, tak-tak-tak, tak-tak-tak, tak-tak, tak-tak, tak-tak. Leso moja haikuwa imesimama. Hata kutua haikutua. Alikanyaga kama alivyokanyaga juu ya zile mbao, na hakuwa anamchezea Musyoka wala wazee. Alikuwa anasema kwa niaba yangu, kama siku zote: amesema ameshiba, amesema asante, amesema yuko hapa.

Musyoka aliinua kichwa. Fundi anajua mbao zake zinavyolia. Akageuka, akaanza kukimbia.

Na mimi niliangalia ile miguu, miguu tu, nikangoja mbili ya mwisho, nikaingia.

Sijui nilipiga nini. Ngure anasema sijawahi kuipiga hivyo kabla. Alirudisha ngoma kubwa chini ya mchi wa Shangazi, ardhi ikatikisika, wale wasichana wakaamka wote. Musyoka alifika kwa Kalondu, lakini hakuivuta leso. Alikuwa amejifunza. Alipiga magoti akatazama viatu, akapiga kelele, "Ni huyu! Hizi mbao ni zangu!" Watu wa Kitui hawakujua ni mbao gani, lakini walishangilia. Kalondu alijifunua mwenyewe, jasho linamtiririka, miguu bado inaenda, akacheza mpaka kwenye kiti. Alipokalia kile kiti nilifunga kwa kidole cha pete. Tok.

Vigelegele vilikuwa vingi mpaka mbuzi wakalia.

Shangazi Syokau alikuja kwa Musyoka na mkono wazi. "Faini ya kumvua mtoto leso mbele ya watu. Kreti mbili za soda." Halafu akamgeukia Ngure. "Na wewe, rudia. Wale wa nyuma hawakusikia kinu changu."

Niliitafuta leso yangu. Ilikuwa katikati ya uwanja, chini ya miguu ya vijana wa Kitui, na haikuonekana kama itarudi leo. Watu walikuwa wananitazama. Mama Kaveke alikuwa anawaambia wanawake wa Kitui, "Huo mchi wa pili ni mimi." Kalondu alinitazama kutoka kwenye kiti chake, mdomo umefungwa, hataki kunisemea.

Michi ilianza tena, lakini sauti ilikuwa chini mno. Nilivuta pumzi.

"Ngure!" nikapiga kelele, mpaka mwenyewe nikashtuka. "Ongeza!"